Printa ya LPT haichapi kwenye Linux: kutafuta kosa kuanzia kwenye printa hadi CUPS

Kwenye maghala, maduka ya jumla, zahanati na vyama vya akiba na mikopo bado utazisikia printa za sindano zikikwaruza karatasi tangu asubuhi. Hazijabaki pale kwa sababu wenye ofisi hawazijui printa za leza. Zimebaki kwa sababu sindano inagonga, na kugonga ndiko kunakotoa risiti tatu kwa pigo moja: ya mteja, ya ghala na ya mhasibu. Leza haiwezi hilo. Nyingi kati ya printa hizi za sindano, kama Epson LX-300+, zina tundu pana la pini 36 kwa nyuma, lile la Centronics, na zinadai poti ya paraleli yenye pini 25 kwenye kompyuta, ile tuliyozoea kuiita LPT.

Siku kompyuta inapohamishiwa Linux ndipo maswali yanapoanza. Programu inasema risiti imetumwa, CUPS, yaani mfumo unaosimamia uchapishaji kwenye Linux, inasema kazi imekamilika, printa imenyamaza. Au inachapa herufi zisizosomeka. Au inachapa mstari mmoja, inapumzika kama mtu aliyepanda mlima, kisha mstari mwingine.

Nimewahi kumaliza siku nzima kwenye duka moja la vifaa vya ujenzi nikifuta CUPS na kuiweka upya mara tatu. Jioni nilipoichomoa kebo nikakuta pini moja imelala. Tangu siku hiyo sigusi CUPS kabla ya kujua waya unafanya kazi. Huo ndio mpangilio wa mwongozo huu: tunaanza chini na kupanda. Printa, kebo, poti, kerneli (kiini cha Linux), faili la kifaa, na CUPS mwisho kabisa. Kila ngazi ina jaribio lake, na ngazi ikigoma unabaki hapohapo mpaka ikubali. Amri nilizotumia ni za Debian na ndugu zake, Ubuntu na Linux Mint. Wa FreeBSD, mfumo mwingine wa jamii ya Unix, nao nimewawekea sehemu yao.

Printa ikiwa peke yake

Zima printa, chomoa kebo ya data, weka karatasi. Kwenye LX-300+ shikilia kitufe cha LF/FF huku ukiwasha. Printa inapaswa kuchapa jaribio lake yenyewe, mistari ya herufi bila msaada wa kompyuta yoyote. Ukitosheka bonyeza Pause, kisha zima.

Kama jaribio hili halitoki, Linux haihusiki kabisa, na usipoteze hata dakika moja kwenye kibodi. Maandishi yaliyofifia ni ribuni iliyochoka. Mstari mweupe mwembamba unaokata herufi za kila mstari kutoka kushoto hadi kulia, kwa kimo kilekile, ni sindano iliyokatika au iliyoganda kwenye kichwa cha kuchapia. Kichwa cha LX-300+ kina sindano 9 tu, kwa hiyo moja ikifa inaonekana mara moja.

Kuna jaribio la pili ambalo mafundi wengi hawalitumii, nalo ndilo silaha yangu kubwa. Shikilia LF/FF na Load/Eject kwa pamoja huku ukiwasha. Printa inaingia kwenye hali ya kuonyesha data mbichi: kila baiti inayoifikia inachapwa kama namba ya heksadesimali, haitekelezwi kama amri. Tutaihitaji baadaye. Iweke akilini.

Kebo

Kabla ya kuchomeka au kuchomoa, zima vyote viwili, printa na kompyuta. Poti ya paraleli haikutengenezwa kuchomekwa ikiwa na umeme kama USB, na ukifanya hivyo mara kwa mara siku moja poti itaungua.

Angalia pini za upande wa kompyuta moja baada ya nyingine, chini ya mwanga mzuri. Pini namba 2 hadi 9 zinabeba data, biti nane kwa wakati mmoja. Namba 1 ni ishara ya kompyuta kuiambia printa "data iko tayari, ichukue". Namba 10 hadi 13 pamoja na 15 zinarudisha habari kutoka kwa printa: nimepokea, nina kazi, karatasi imeisha, niko tayari, kuna kosa. Namba 18 hadi 25 ni za ardhi. Kwa hiyo kebo inaweza kuwa nzima upande wa data na mbovu upande wa majibu, na hapo printa haitachapa ingawa inaonekana imeunganishwa vizuri.

Kebo za kawaida za zamani zinafaa kwa mita 2 hivi. Kama printa iko mbali zaidi, tafuta iliyoandikwa IEEE 1284, kiwango kilichotoka mwaka 1994, ambayo inaweza kufika mita 10. Kama katikati kuna kisanduku cha kugawana printa baina ya kompyuta mbili, kitoe wakati wa uchunguzi na unganisha moja kwa moja. Visanduku hivi huchakaa ndani bila kuonyesha dalili kwa nje.

Poti kwenye BIOS

Ingia kwenye BIOS, yaani mipangilio ya bodi inayofunguliwa kompyuta inapowaka, uhakikishe poti haijazimwa. Anwani iliyozoeleka ni 378 (kwa heksadesimali) na IRQ 7, namba ya ishara ambayo kifaa huitumia kuikatiza prosesa. Nyingine ni 278 na 3BC. Kuhusu aina ya poti, kwa printa ya sindano mimi huanza na SPP, ambayo BIOS nyingine huiita Normal. EPP na ECP zilikuja kwa ajili ya skana, diski za nje na printa za kasi. Printa inayochapa herufi mia chache kwa sekunde haifaidiki nazo, na ECP inaongeza DMA (kuhamisha data bila kupitia prosesa) kwenye hesabu, yaani kitu kimoja zaidi cha kuharibika.

Je, kerneli inaiona poti?

Hapa ndipo Linux inapoanza kuhusika. Moduli tatu, yaani vipande vinavyopakiwa ndani ya kerneli, zinafanya kazi kwa pamoja: `parport` ni msingi, `parport_pc` inaongea na poti yenyewe, na `lp` inaifanya poti hiyo iwe printa.

```
sudo modprobe parport_pc
sudo modprobe lp
sudo dmesg | grep -iE 'parport|lp0|lp:'
```

Jibu zuri linafanana na hili:

```
parport0: PC-style at 0x378, irq 7 [PCSPP,TRISTATE]
lp0: using parport0 (interrupt-driven).
```

Mstari wa kwanza unasema poti imeonekana, wa pili unasema printa imepewa poti hiyo. Ukiona `lp: driver loaded but no devices found`, moduli ya printa imepakiwa lakini haikukuta poti yoyote. Rudi BIOS. Kama BIOS iko sawa na bado kerneli haioni kitu, iambie wewe mwenyewe. Tengeneza faili `/etc/modprobe.d/parport.conf` na uandike ndani yake:

```
options parport_pc io=0x378 irq=7
```

Kisha toa moduli na kuzirudisha:

```
sudo modprobe -r lp ppdev parport_pc
sudo modprobe parport_pc
sudo modprobe lp
```

Kama yote yanakwenda vizuri mpaka kompyuta iwashwe upya, moduli hazipakiwi zenyewe. Andika `lp` na `parport_pc`, kila moja kwenye mstari wake, ndani ya faili la `.conf` kwenye `/etc/modules-load.d/`.

Kuandika moja kwa moja kwenye poti

Hili ndilo jaribio linalokata shauri. Kwanza sitisha CUPS isije ikaishika poti:

```
sudo systemctl stop cups.socket cups.path cups.service
```

Kisha angalia faili la kifaa, lile ambalo Linux hulitumia kama mlango wa printa, kabla hujaandika chochote:

```
ls -l /dev/lp0
```

Mstari lazima uanze na herufi `c`, kama `crw-rw---- 1 root lp 6, 0`. Nasisitiza hili kwa sababu kuna mtego. Kama `/dev/lp0` haikuwepo na mtu mwenye mamlaka ya root akaiandikia, mfumo unatengeneza faili la kawaida lenye jina hilohilo. Kuanzia hapo kila risiti inaandikwa ndani ya faili hilo, amri hazirudishi kosa lolote, na printa haipati hata herufi moja. Ukiona mstari unaanza na `-` badala ya `c`, lifute faili hilo na urudi kwenye moduli.

Sasa tuma neno:

```
printf 'HABARI\r\n' | sudo tee /dev/lp0
```

Usiandike `sudo echo HABARI > /dev/lp0` ukategemea ikubali. Hapo `sudo` inaipa nguvu `echo` tu, wakati kufungua `/dev/lp0` kunafanywa na sheli yako ambayo haina ruhusa. Kama unataka mtumiaji wa kawaida aweze kuandika, muingize kwenye kikundi cha lp kwa `sudo usermod -aG lp` ikifuatiwa na jina lake, kisha atoke na kuingia tena.

Neno likitoka kwenye karatasi, kila kitu kuanzia kerneli kwenda chini ni kizima, na unaweza kuruka hadi sehemu ya CUPS. Leza za zamani hazifanani na hizi: zinangoja ukurasa ukamilike, kwa hiyo ongeza `\f` mwishoni mwa maneno, la sivyo zitapokea data na kukaa nayo huku taa ikipepesa.

Ukijibiwa `Device or resource busy`, kuna programu nyingine imeishika poti. `sudo fuser -v /dev/lp0` itakutajia ni ipi.

Amri ikining'inia bila kurudi, kerneli inaingoja printa. Fungua dirisha la pili utazame `sudo dmesg | tail`. `lp0 out of paper` ni karatasi. `lp0 off-line` ni printa iliyozimwa au iliyositishwa. Wa tatu umewatisha wengi: `lp0 on fire`, printa inaungua. Hakuna moto. Maana yake ni kwamba waya wa kosa, pini 15, umeshuka, lakini ule wa karatasi na ule wa utayari havilalamiki. Kerneli inajua kuna tatizo bila kujua ni lipi. Tazama taa za printa, karatasi iliyokwama, au kebo.

Kuisoma hali ya printa kwenye waya wenyewe

Pale ambapo bado huelewi, iulize poti moja kwa moja. Majibu ya printa yanakaa kwenye anwani moja juu ya anwani ya poti. Kwa poti ya 378 ni 379:

```
sudo dd if=/dev/port bs=1 skip=$((0x379)) count=1 2>/dev/null | od -An -tx1
```

Kusoma hivi hakudhuru kitu. Kama Secure Boot (ulinzi wa wakati wa kuwasha kompyuta) imewashwa, kerneli inaweza kuizuia amri hii, basi izime kwa muda wa uchunguzi.

Printa iliyowaka, yenye karatasi na iliyo tayari, huleta `df` au namba yoyote kuanzia `d8`, kwa sababu biti tatu za chini hazihusu hali ya printa. Ukipata `ff`, kwa kawaida hakuna poti kwenye anwani hiyo. Ukipata `7f`, mara nyingi poti ipo lakini hakuna kilichochomekwa.

Ukizivunja biti, kutoka juu kushuka: biti ya 7 ni shughuli, nayo imegeuzwa, kwa hiyo 1 ni "sina kazi". Biti ya 6 ni "nimepokea" na hukaa kwenye 1 printa ikiwa imetulia. Biti ya 5 ikiwa 1, karatasi imeisha. Biti ya 4 ikiwa 1, printa iko tayari kupokea. Biti ya 3 nayo imegeuzwa: 1 ni salama, 0 ni kosa.

Uzuri wake ni kwamba huhitaji kukariri. Soma namba, bonyeza Pause, soma tena. Toa karatasi, soma tena. Namba lazima ibadilike. Kama inabaki ileile hata ufanye nini, waya za majibu hazifiki, na kosa liko kwenye kebo au kwenye poti. Jaribu kebo nyingine kwanza, ni rahisi kuliko bodi ya kompyuta.

Herufi zinatoka, lakini si zile ulizotuma

Watu wengi wakiona herufi za ajabu wanalaumu draiva. Inawezekana, lakini kama umetuma neno kwa `tee` kama tulivyofanya, hakuna draiva katikati. Hapo ni waya.

Waya wa data ukikatika, printa nyingi huusoma kama 1 wakati wote. Tuseme ni pini 2, biti ya chini kabisa. H inakuwa I, B inakuwa C, R inakuwa S, ila A na I hazibadiliki kwa sababu biti hiyo tayari ni 1 kwao. HABARI inatoka IACASI. Waya huohuo ukigusana na ardhi unasomeka 0 daima, na neno linatoka H@B@RH. Ukiona makosa yenye utaratibu kama huo, herufi ileile ikikosewa kwa namna ileile kila mara, umeshapata jibu.

Pini 7 ina dalili inayochanganya zaidi. Ikikatika, herufi kubwa zote zinakuwa ndogo, namba ziko sawa, lakini mistari haishuki: HABARI inatoka `habari-*`. Ile kistari na nyota ni amri ya kurudi mwanzo na amri ya kushuka mstari, zimepandishwa na biti moja zikageuka alama za kuchapwa.

Kama huna uhakika, iwashe printa kwenye ile hali ya data mbichi na utume HABARI tena. Unapaswa kusoma `48 41 42 41 52 49 0D 0A`. Linganisha baiti kwa baiti, na waya mbovu utajitaja. Kama baiti zote ni sahihi na bado kwenye hali ya kawaida herufi haziko sawa, printa inatumia lugha au jedwali la herufi tofauti, na hilo unalirekebisha kwenye mipangilio ya printa.

Makosa yasiyo na utaratibu, yanayokuja na kuondoka, kwa kawaida ni kebo ndefu mno, ardhi iliyolegea, au waya wa data uliofungwa pamoja na wa umeme. Zitenganishe.

Maandishi yanashuka kama ngazi

Mstari wa kwanza uko kushoto, wa pili unaanzia ulipoishia wa kwanza, na kuendelea mpaka unatoka nje ya karatasi. Printa haijaharibika. Unix humaliza mstari kwa amri moja tu, ya kushuka. Printa nyingi zinangoja na ile ya kurudi mwanzo wa mstari. Ongeza yenyewe:

```
sed 's/$/\r/' risiti.txt | sudo tee /dev/lp0 > /dev/null
```

Njia nyingine ni kuwasha Auto CR kwenye mipangilio ya printa, yaani irudi mwanzo kila inaposhuka, kama printa yako inayo. Usiichanganye na Auto LF, ambayo inaongeza kushuka kila inaporudi: hiyo haiondoi ngazi, na siku ukiunganisha kompyuta ya Windows kwenye printa hiyohiyo, kila mstari unaweza kuruka mara mbili.

Inachapa kidogo, inasimama, inaendelea

Kerneli inangojea printa iikatize kwa IRQ 7 kusema "nimemaliza, leta nyingine", na ishara hiyo haifiki. Kila mara inasubiri mpaka muda uishe. Thibitisha:

```
grep parport /proc/interrupts
```

Endesha amri hiyo kabla ya kuchapa na baada. Kama mstari upo na hesabu haipandi, IRQ haifanyi kazi. Tiba ni kuiambia kerneli iachane nayo na badala yake iwe inauliza hali ya printa yenyewe kila wakati. Kwenye `/etc/modprobe.d/parport.conf`:

```
options parport_pc io=0x378 irq=none
```

Toa moduli na kuzirudisha. Sasa `dmesg` itasema `lp0: using parport0 (polling).` Njia hii inakula muda kidogo wa prosesa, lakini kwa risiti hutauona. Kusema kweli, kwenye kompyuta yoyote ya ofisi naona heri kuweka `irq=none` tangu mwanzo.

Kompyuta isiyo na LPT

Kompyuta mpya haina poti hii, na kuna njia mbili. Kebo ya USB kwenda Centronics ndiyo rahisi kupatikana, lakini elewa kitu kimoja: haikuletei poti ya paraleli. Inajitambulisha kama printa ya USB. Hakuna 378, hakuna `/dev/lp0`, na yote tuliyosema kuhusu `parport_pc` hayahusiki. Faili lake ni `/dev/usb/lp0`. Kwa `lsusb` utaiona mara nyingi kama `067b:2305` ya Prolific au `1a86:7584` ya QinHeng. Baadhi hazipitishi jina la printa, na CUPS inaziorodhesha kama `usb://Unknown/Printer`. Hilo si kosa. Chagua draiva kwa mkono.

Kama programu yako ni ya zamani na inaandika moja kwa moja kwenye anwani za poti, kebo ya USB haitakusaidia hata kidogo. Nunua kadi ya PCI Express. `lspci` itaionyesha kama kidhibiti cha paraleli, ila anwani yake haitakuwa 378. Kwa hiyo ondoa ule mstari wa `io=0x378` kama ulishauweka, uiache `parport_pc` itafute yenyewe. Kadi yenye poti za siriali pamoja na ya paraleli inahitaji moduli ya `parport_serial`.

FreeBSD kwa ufupi

Majina yanabadilika, fikra ni ileile. Poti inaitwa `ppc0`, njia yake ya data (bus) `ppbus0`, na printa ni `/dev/lpt0`. Angalia kwa `dmesg | grep -E 'ppc|lpt'`. Jaribio la kuandika ni `lptest 80 5 > /dev/lpt0`, linalotoa mistari mitano ya herufi zinazosogea hatua moja kila mstari. Ule ugonjwa wa kuchapa na kusimama unatibiwa kwa `lptcontrol -p`, na kurudi kwenye IRQ ni `lptcontrol -i`. Namba ya IRQ yenyewe iko kwenye `/boot/device.hints`, mstari wa `hint.ppc.0.irq`.

Sasa CUPS

Kama `tee` ilichapa na CUPS haichapi, kosa liko hapa. Irudishe kazini na uiulize inaona nini:

```
sudo systemctl start cups
sudo lpinfo -v | grep -E 'parallel|usb'
```

Kama hakuna mstari wa `parallel:/dev/lp0`, hakikisha kifurushi cha `cups-filters` kipo. Tangu CUPS 1.6 ya mwaka 2012, sehemu inayoongea na poti ya paraleli haimo tena ndani ya CUPS yenyewe, ilihamia huko. Kisha tengeneza foleni:

```
sudo lpadmin -p RISITI -E -v parallel:/dev/lp0 -m drv:///sample.drv/epson9.ppd
```

Kwa printa ya sindano 24 badilisha kuwa `epson24.ppd`. Kama foleni ilikuwepo na imesimama, `lpstat -t` itakuonyesha, na `sudo cupsenable RISITI` itaiamsha. Foleni inayosimama kila karatasi inapoisha inachosha watu wa kaunta. Iambie ijaribu tena badala ya kusimama:

```
sudo lpadmin -p RISITI -o printer-error-policy=retry-job
```

Kosa likiendelea, washa maelezo marefu kwa `sudo cupsctl --debug-logging`, chapa mara moja, kisha soma `/var/log/cups/error_log`. Ukimaliza yazime kwa `--no-debug-logging`, kwa sababu faili hilo linakua haraka.

Draiva hii ya Epson inageuza ukurasa kuwa picha kabla ya kuutuma, na printa ya sindano inachora picha polepole sana. Kwa barua yenye nembo, sawa. Kwa risiti, tuma maandishi matupu na uiache printa itumie herufi zake za ndani:

```
sed 's/$/\r/' risiti.txt | lp -d RISITI -o raw
```

Tofauti ya kasi inaonekana kwa macho, na mteja aliyesimama kaunta ataiona pia.

Limebaki tatizo la karatasi za mfululizo, zile zenye matundu pembeni. Risiti ya kwanza inakaa vizuri, ya pili imeshuka kidogo, ya kumi imekatwa na mkunjo. Karatasi hizi kwa kawaida zina urefu wa inchi 11, wakati A4 ni karibu inchi 11.7. Kama CUPS au printa inadhani ni A4, kila ukurasa unasogea kwa zaidi ya nusu inchi. Kwenye CUPS chagua Letter, ambayo ni inchi 11. Kwa maandishi matupu, iambie printa yenyewe mwanzoni mwa kila faili:

```
printf '\033@\033C\000\013'
```

Sehemu ya kwanza inairudisha printa kwenye mipangilio yake ya mwanzo, ya pili inaweka urefu wa inchi 11. Kama unatumia nusu karatasi ya inchi 5.5, weka kwa mistari badala ya inchi: mistari 33 kwa nafasi ya kawaida ya mistari 6 kwa inchi, yaani `printf '\033@\033C\041'`. Maliza kila risiti kwa `\f` badala ya mistari mitupu. Kisha zima printa, sogeza karatasi kwa mkono mpaka mkunjo ukae sawasawa na mahali pa kuchania, na uwashe tena, maana printa huhesabu mwanzo wa ukurasa kuanzia pale ilipokuta karatasi.